Vitako vya Ndoo za Asali

Mpanda, Juni 1996

Kwako mtani wangu Leonidas, uliyelelewa na panya wa shambani baada ya binadamu kukukataa,

U mzima huko Inyonga? Mkeo Theopista je, bado anakuvumilia? Mimi mzima, isipokuwa magoti, na hayo nimeyazoea kama nilivyoizoea sura yako. Mahindi yamekauka vizuri, ila ng'ombe wa jirani yangu Masalu waliyaonja kabla yetu.

Habari za kibandani si nzuri. Pasaka ulipokuja kunisalimu nilikuachia kibanda, nikaenda mazikoni kule Magamba. Niliporudi nikaendelea kukata vitako vya ndoo za warina asali wa huko kwenu. Kazi unaijua, nilikufundisha mwenyewe: ule ubao wangu wa misumari miwili, mmoja unasimama katikati ya bati, wa pili unazunguka ukichora duara, kisha mkasi unafuata mstari bila haraka. Duara lazima lizidi upana wa ndoo kidogo, upate mkunjo. Bila mkunjo kitako hakina pa kushika, hata umwage lehemu kama uji. Nikajaza maji kujaribu, yakatulia. Lakini asali ni nzito, na barabara ya Inyonga nyie ndio mnaijua.

Juzi Yotham, mwenyekiti wa warina, kashuka kwenye lori suruali imemganda makalioni, nyuki wanamsindikiza kama bibi harusi. Sokoni watu walicheka hadi wakakaa chini. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama nilimtengenezea ndoo au chujio, maana asali yao ya msimu imelambwa na mbao za lori. Nikaikagua ndoo moja. Kitako kidogo, mkunjo umeshika nusu tu. Leonidas, niliona aibu kama nimevuliwa nguo mbele ya wakwe.

Nilitaka kumwomba radhi, akanikata. Akasema warina wameshakubaliana, kuanzia sasa ndoo zao watachukua kwako. Hao ndio waliokuwa wakinilisha, unajua. Akaongeza kwamba wewe ulikuwa umewaonya mapema, ndoo zikiwa bado tupu, kwamba macho ya Machibya yamekwisha na mwaka huu zitavuja.

Mapema! Ulijuaje?

Alipoondoka nikautoa ubao juani, nikaugeuza. Msumari wa kuchorea umesogezwa ndani, kuelekea ule wa katikati. Tundu lake la zamani limezibwa kwa nta, juu yake pamepakwa masizi.

Ungeusogeza ukabaki hapo, ukaningoja niharibu kitako kimoja, ukaniita kipofu mbele ya soko zima, ningekutukana wewe na ukoo wako kisha nikakununulia pombe. Hiyo ni haki yako. Jogoo wangu ulimchukua mchana kweupe, nikakufuata na chumvi. Mtani anachukua ukimwona, na anacheka wa kwanza. Hazibi tundu kwa nta akaenda zake kimya kuwangoja wateja wa mwenzake.

Kwa hiyo nakuarifu kwamba utani wetu umekwisha. Siku nikifa usije kujilaza kaburini kama watani wafanyavyo, ukidai mbuzi, wala usiwachekeshe watu kwa kuniigiza ninavyochechemea. Kaa kwenye mkeka pamoja na wageni wengine, ule utakachopewa, utoe pole, uende.

Wasalimie mama na watoto. Nakutakia afya na kazi njema, Bwana Leonidas.

Kwa heshima,
Machibya Malale, fundi bati