Kinachoua Pamba Yetu

Kalenga, Iringa

Shikamoo dada Kabula,

Nimekiona kinachoua pamba yetu! Baridi ya huku inang'ata, basi nikasogelea moto ambao mwenyeji wangu, Mama Kalinga, aliuwasha juu ya tuta la kuoteshea tumbaku. Akang'oa mche wa tumbaku uliodumaa kwenye tuta la zamani kando yake: mizizi ina vinundu kama ya kwetu. “Ni minyoo,” akasema, “midogo, huioni kwa macho. Moto ndio dawa yake.” Viazi tulivyochoma kwenye majivu yale vilikuwa vitamu mno.

Bwana shamba wa huku anasema shamba zima halichomeki, basi pamba ipumzike, mpande karanga, maana minyoo hiyo haizishambulii. Mwambie baba asimfukuze jirani yetu Bibi Holo; hakuturoga. Karanga za kwanza mpelekee yeye, na umwamkie vizuri.

Nawakumbuka wote,
mdogo wako anayenuka moshi,
Masanja