Maelezo ya Bibi Aliyekuwa Ndani ya Gari Jekundu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hujulikana kwa jina la Bibi Pamba
Umri: Hana hakika, anakadiria miaka sabini na kitu
Kazi: Kujaza na kushona magodoro na mito
Elimu: Hakusoma
Makazi: Nyuma ya kiwanda cha matofali, nyumba yenye mlango wa bluu
Uhusiano na mtuhumiwa: Bibi mzaa baba

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimeonywa niseme kweli tupu, nami nimemjibu afande kwamba uongo ni kazi ya mwenye kumbukumbu nzuri, na yangu siku hizi inabeba mzigo mmoja kwa safari moja. Kwa hiyo nitasema yaliyotokea, basi.

Kilichonileta kituoni ni mjukuu wangu, binti wa miaka ishirini na miwili, fundi wa magari. Nyumbani na gereji tunamwita Kiberiti, kwa kuwa utotoni alikuwa ukimgusa tu anawaka. Anatuhumiwa kuendesha gari kwa mwendo wa hatari na kusababisha ajali. Gereji yao hutengeneza yale magari mafupi yenye nguvu nyingi, na mwenye gereji anataka mtu wa kuyajaribu barabarani yakishapona. Amemchagua Kiberiti, akampeleka kujifunza kwanza. Leseni ikichukuliwa, kazi imekwenda. Ndani ya gari tulikuwa wawili, yeye kwenye usukani na mimi kando yake. Hakuna mwingine awezaye kueleza yaliyofanyika mle ndani.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu (tarehe ameitaja afande, mimi najua ni leo Jumamosi), majira ya saa tatu asubuhi, nilifika katika uwanja wa mafunzo ulioko nje ya mji. Ni uwanja wa zege, zamani malori yalikuwa yanalala pale. Sasa wamepanga koni za plastiki, na upande mmoja wameumwagia maji ili magari yateleze. Mwalimu wao ni mtu mfupi, sauti yake ya chini, vijana wanamwita Breki. Nilimuuliza kwa nini anaitwa hivyo, akasema, "Mama, kwenda hata jiwe linajua, ukilisukuma mlimani. Mimi nafundisha kusimama."

Niliitwa pale kwa sababu ya desturi yake. Mwanafunzi akimaliza mafunzo hapewi cheti. Anaambiwa aende akalete mtu wa kwao ambaye yeye mwanafunzi anamwogopa. Mtu huyo anapanda naye, wanakwenda katika barabara ya watu wote, wanarudi, na Mwalimu anamuuliza yule mtu swali moja tu: "Utapanda tena?" Akisema hapana, mwanafunzi anaanza upya. Mwalimu alinieleza kwamba kijana akibeba vijana wenzake, anaendesha kwa ajili ya macho yao. Akimbeba bibi yake, anaendesha kwa ajili ya mifupa yake. Nilimwambia mifupa yangu ni michache iliyobaki mizima, kwa hiyo amepata kipimo kizuri.

Nilipokuwa nasubiri niliona vijana wapya wanalisukuma gari kwa mikono, gari zima la pesa nyingi, kama limekwisha mafuta. Mmoja alivaa miwani ya jua na viatu vyeupe. Alisukuma huku anacheka. Gari lilipokolea mwendo, Mwalimu akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Sasa lizuie." Kijana akalikimbilia mbele, akalishika kwa mikono, gari likamburuta viatu vyeupe vikawa vya kijivu. Kicheko kikaisha. Mwalimu akamwambia, "Hapo lilikuwa linatembea kama mtu anayekwenda sokoni. Kumbuka uzito huo ukiwa umeketi." Nimezaa, nimelea, nimezika, na sijaona somo fupi kuliko lile.

Kiberiti alinifungulia mlango, nikaingia kwa tabu, kwa maana gari lile jekundu liko chini kama mkeka. Akataka kunifunga mkanda. Nikamwambia mimi si mzigo. Akazima injini, akaweka mikono mapajani, akasema, "Basi tukae hapa, Bibi. Mimi sina haraka, leo nimeomba ruhusa kazini." Nikafunga mkanda. Huyu ndiye mtoto niliyekuwa namkimbiza na mwiko.

Saa nne hivi tukatoka. Aliendesha kwa upole mpaka nikaanza kuchoka. Kwenye nyumba alipunguza, kwenye matuta alipita kama anayebeba maji. Nilitegemea kuona gari la nguvu, nikaona kama nimepanda jeneza la kifahari. Halafu pikipiki ikatupita. Ilikuwa imebeba matenga mawili ya kuku. Kuku walinitazama, afande, na wewe andika hivyohivyo. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, lakini wao hawakupitwa na kuku.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Kanyaga mafuta basi, mama. Aibu gani hii?"

Akasema, "Bibi, hao kuku wana haraka, na hawajui wanakopelekwa."

Nikamwambia, "Usinijibu kihuni."

Akasema, "Sijibu kihuni, natii bango la mwendo."

Nilimrudia mara ya pili. Nilimwambia kwamba nikifa bila kujua gari hili linaweza nini, nitamsumbua usiku. Alicheka, lakini mguu haukucheka. Tulipotoka kwenye nyumba, penye barabara tupu iliyonyooka, kulikuwa na bango jingine. Hapo alikanyaga. Gari likanguruma, mgongo wangu ukabandikwa kitini, nikashika mlango. Kabla sijamaliza kusema "ewe", akawa ameshaachia. Akasema, "Bango linaruhusu mpaka hapa, Bibi. Lililobaki ni la uwanjani." Mwendo ule hakuuzidisha. Barabara ilipoanza kupanda kilima akaupunguza tena, akaniambia huwezi kwenda kasi kuliko unavyoona, na yeye haoni nyuma ya kilele cha kilima. Nilimjibu kwamba hata mimi sioni, ila kwangu tatizo ni macho.

Karibu na kilele, upande wetu wa kushoto, alikuwapo mama amebeba ndoo ya maji kichwani, na watoto wawili nyuma yake na vidumu vyao. Kutoka mbele lilikuja lori la mchanga, katika upande wake, linajikokota. Ghafla nyuma ya lori likatokea gari kubwa jeupe linalipita lori pale pale kileleni. Likawa liko upande wetu, limetukabili.

Hapa naomba afande asinikatize.

Mtu akiona mauti hutaka kuyakimbia kwa kugeuza kichwa na mikono pamoja. Angegeuza kushoto, angewachukua wale watoto. Angegeuza kulia, tungeingia chini ya lori. Hakugeuza. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, mkanda ukanikaba kifua, na gari lote likawa linatetemeka chini ya miguu, lakini limenyooka kama uzi. Nilimsikia anasema kwa sauti ndogo, si kwa kunisemesha, "Usiachie, usiachie, tazama njia." Baadaye ameniambia hayo ni maneno ya Mwalimu: breki ikitetemeka usiiachie, na macho yaende unakotaka kupita, yasiende kwenye unachokiogopa, kwa maana mikono hufuata macho.

Mimi niliyatazama macho yake. Yalikuwa hayalitazami lile jeupe hata kidogo. Nililitazama mimi kwa niaba ya wote wawili.

Yule mama alivuta watoto wake mbele, nyuma yao pakabaki nafasi ya majani. Wakati huo tulikuwa karibu tumesimama. Kiberiti akageuza usukani mara moja, gari likaingia kwenye ile nafasi, likasimama pua ikiwa juu ya mfereji. Gari jeupe lilipita pale tulipokuwa. Liling'oa kioo chetu cha pembeni, likayumba kwenda huku na huku, likatumbukia mferejini upande wa pili. Lori halikusimama.

Mjukuu wangu alizima injini, akawasha taa za tahadhari, akaniuliza, "Bibi, umeumia wapi?" Nikasema mahali pengi, lakini zamani. Akashuka. Aliweka ile pembe tatu nyekundu barabarani, akawatazama watoto mmoja mmoja, kisha akakimbilia gari jeupe. Dereva wake ni mtu mzima mwenye heshima zake. Mkono ulikuwa umevunjika, na alikuwa anataka kujitoa kwa nguvu. Kiberiti aliingiza mkono dirishani akazima gari la yule mzee, akamshika kichwa kwa viganja viwili, akamwambia asisogee mpaka gari la wagonjwa lije.

Watu walikuja. Mnajua watu. Yule mzee, akiwa ameshikwa kichwa vilevile, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ni huyu. Amekuja kama risasi."

Mjukuu wangu akamjibu, "Sawa, baba. Hayo tutayasema. Kwanza usigeuze shingo."

Nilisimama nyuma yake na kila neno nimelisikia. Huyu Kiberiti aliwahi kumvunjia mtoto wa jirani dirisha kwa sababu ya kusemwa kwamba ana masikio makubwa. Leo anasingiziwa mbele ya kadamnasi, na viganja vyake havikutoka kwenye kichwa cha anayemsingizia. Kijana mmoja akasema ndivyo ilivyo, magari haya wanapewa watoto wakaue watu. Nikamwambia, "Huyo mtoto ameinama anaokoa. Wewe mkubwa umesimama unapiga picha." Akaishusha simu.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, ndipo alipokuja kuketi kando yangu kwenye majani. Nikamshika mikono. Inanuka grisi hata akioga.

Nilipoulizwa mwendo ulikuwa namba ngapi, nimejibu sikusoma namba, nilikuwa natazama mbele kama mtu mwenye akili. Askari wa barabarani wamepima alama za matairi yetu, na alama hizo ziko upande wetu na zimenyooka. Ziulizwe hizo, hazina ndugu.

Nilipoulizwa kama siwezi kusema uongo kumwokoa mjukuu wangu, nimejibu kwamba naweza. Lakini ningekuwa nimekuja kudanganya, ningeficha la kuku, na ningeficha kwamba mwenye kutaka mwendo alikuwa mimi. Nimelisema mbele ya afande na ninalirudia: nilimchochea mara mbili, akakataa mara mbili, na mimi ndiye mtu ambaye yeye anamwogopa kuliko wote duniani. Mtafuteni mwenye pikipiki ya kuku. Matenga yake yamefungwa kwa kamba ya kijani. Tafuteni na yule mama wa ndoo, ambaye aliondoka na watoto wote wawili na maji yake hakumwaga yote.

Kuhusu dereva wa gari jeupe, simwombei baya. Mkono wake upone. Huenda alikuwa na haraka ya haki, sijui. Ningependa siku moja akapelekwe kwa yule mwalimu mfupi akalisukume gari lake.

Nina jambo la mwisho. Mwalimu alikuwa anatusubiri uwanjani na swali lake, nasi hatukurudi, tumeletwa hapa. Amekuja, yuko nje, lakini amekatazwa kuzungumza nami mpaka nimalize. Basi jibu lake naliweka katika maelezo haya, mtu asije akasema nimefundishwa. Nitapanda tena. Nitapanda leo, gari lolote, akiwa yeye ndiye anaendesha.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa kifua. Nimesomewa, nimeyatambua kuwa ni yangu.

Alama ya shahidi: (dole gumba la kulia)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatamka na kumsomea kwa sauti. Aliulizwa kama angependa sehemu ya kuku iondolewe, amekataa. Mwendesha pikipiki amepatikana sokoni na ameitwa kufika kesho asubuhi. Maelezo yamefungwa saa kumi na moja jioni. Shahidi ameelezwa kuwa mtuhumiwa bado anahojiwa, na akapewa usafiri wa kituo kumrudisha nyumbani. Ameushukuru na kuukataa. Yuko kwenye benchi la mapokezi, anasema anamsubiri dereva wake.