Daftari la Mkojo

Shoga, pokea simu! Nimekwisha.

Unakumbuka nilivyokuwa nakiogopa kile kipimo cha kuingizwa mpira kwenye kibofu? Daktari kaniambia, "Siku hizi hatumpimi kila mtu hivyo. Daftari lako la mkojo linatosha."

LINATOSHA! Daftari walilonipa niandike kila ninapokwenda chooni, na sikulijaza hata siku moja!

Nilidhani kipimo ndicho kitakachosema ukweli, basi nikanakili la mama mmoja pale kwenye benchi la kumsubiri daktari. Kaenda chooni mara ngapi, kajikojolea mara ngapi, yote.

Daktari kalisoma mstari kwa mstari. "Dada, umeandika vizuri sana. Jumatatu tunakufanyia upasuaji."

Nikasema asante. Shoga, nikasema ASANTE! Na sahihi nimeshatia.

Jumatatu napasuliwa mimi, kwa mkojo wa yule mama.