Safari Yetu ya Kwa Mjerumani

Akinyi rafiki yangu,

Nilitaka kukuita Mama Odhiambo, kwa heshima anayostahili marehemu, lakini leo heshima imenishinda. Nina hasira na wewe. Tangu bwana yako aondoke hapa nimekuwa nikigombana na wewe peke yangu zizini mpaka ng'ombe wanageuza shingo, na Baba Nyaboke ameniuliza kama nina homa. Ndiyo maana nimeketi kuandika. Naandika Kiswahili, lugha tuliyokutana ndani yake, mimi Mkisii na wewe Mjaluo, maana Kikisii chako sote tunakijua. Ulikuwa ukitusalimu "bwakire" ya asubuhi hata jua likizama, mpaka akina mama wa Nyansiongo wakaanza kuitumia jioni kwa kukutania.

Habari za huku ni hizi. Nyumba yenu ile karibu na kituo cha maziwa imepata karani mpya, kijana mwenye mke mdogo. Maua yako ameyang'oa, akapanda vitunguu. Nyaboke wangu amejifungua mtoto wa kiume. Achieng wako amepata kazi ya ualimu Nyamache, na kila akija kwangu anaingia moja kwa moja jikoni kufunua sufuria, kama wewe. Mama mkwe wangu bado yuko. Macho yameingia giza, ulimi ungali mkali.

Na Baba Odhiambo alikuja. Alikuja kuchukua kitanda na cherehani yako, na kuniaga, kwa kuwa amestaafu na anarudi ziwani, huko alikokuzika. Nilimpa maziwa lala. Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo alidhani nalijua.

Lakini ngoja. Kwanza nikukumbushe, usije ukasema huko uliko kwamba umesahau.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru. Sisi tulikuwa tumepata shamba hapa, kwenye ardhi ya mzungu aliyeondoka, na ninyi mlikuwa mmeletwa na kazi ya bwana yako. Kila Jumanne, baada ya kupeleka maziwa, nilipitia kwako kunywa chai. Chai! Mimi Msabato, mke wa shemasi, niliyefundishwa kanisani kwamba chai ni ya kuepukwa kama pombe. Ulikuwa ukifunga dirisha, unanimiminia, unasema, "Kunywa mama, Mungu ako na kazi ingine." Siri hiyo uliitunza mpaka kufa. Ndiyo maana nilikuamini na ile nyingine.

Juu ya chai hiyo ndipo ulipoanza kunisimulia mji wa Mjerumani. Ulisema uko milimani, mbali huko juu ya Kericho, penye baridi ya kuumiza meno. Mzungu mmoja kutoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani, alikuwa ameujenga ufanane na kwao: nyumba chache za mbao zenye roshani, maua yamechorwa kuzunguka madirisha, kanisa dogo lenye mnara wa mviringo kama kitunguu. Mapaa yalikuwa yameteremka karibu kugusa ardhi, ili theluji iteleze. Nikakuuliza, "Theluji gani, Akinyi?" Ukasema, "Hakuna. Hiyo paa inangojea tu." Tulicheka mpaka chai ikanitoka puani. Zamani wageni walikuwa Wazungu watupu, ulisema, lakini sasa Mwafrika akiwa na nauli analala pale kama mtu yeyote. Na wewe ulipajua kwa sababu kabla ya kuolewa ulikuwa karani pale, ukikaa mezani mlangoni na kuandika majina ya wageni.

Karani. Nililimeza neno hilo lilivyo.

Tukaanza kupanga. Mwisho wa juma mmoja tu, sisi wawili, bila mtoto mgongoni, bila bwana wa kuuliza chakula kiko wapi. Nilikuwa sijawahi kulala mahali ambapo mtu mwingine amenitandikia kitanda, isipokuwa hospitali. Na tulivyopata taabu kupanga! Mimi siwezi kusafiri wala kununua kitu tangu jua la Ijumaa lizame mpaka lizame la Jumamosi, na wewe Mkatoliki Jumapili lazima misa. "Sasa hii ni matembezi ama ni maombi?" uliuliza. Tukaamua tufike Ijumaa jua likiwa juu, nilipe kila kitu kabla halijashuka, hata mkate wa kesho yake. Jumamosi nikae kwenye roshani na Biblia yangu nikitazama milima, na wewe kando yangu ukifuma sweta, unyamaze kama utaweza. Jumapili nikusindikize kwenye kanisa la kitunguu, nikae nyuma kabisa. Soseji zao za nguruwe ungenilia wewe. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, Akinyi, na usingizi ulikuwa hauji kwa furaha.

Tatizo lilikuwa Baba Nyaboke. Bwana yako amekubali, ulisema, yeye ni mtu wa kuelewa. Lakini wangu, shemasi, amruhusu mke wake akalale kwa Wazungu kwa starehe? Basi ndiyo, nilidanganya. Nilimwambia kuna mafunzo ya ushonaji ya akina mama huko Kericho. Maneno hayo ulinitungia wewe, kwenye meza yako, ukanifanya niyarudie mpaka yakanyooka.

Ijumaa ile asubuhi nilikuwa napiga pasi gauni langu la buluu. Baba Nyaboke akaingia, akaichukua pasi mkononi mwangu taratibu, akaiweka juu ya jiwe. Hakupiga kelele. Alisema, "Huko Kericho hakuna ushonaji." Nikamwuliza nani amemwambia, akasema, "Nimesikia." Sabato iliyofuata nilisimamishwa mbele ya kanisa zima, yeye ameketi na wazee, nikakiri uongo wangu. Wakaniondolea darasa la watoto nililokuwa nikilifundisha tangu usichana. Watoto wenyewe walikuwa wamekaa mbele wakinitazama. Darasa hilo sijarudishiwa mpaka leo.

Nikaja kwako nikilia. Nikakuomba radhi. Mimi! Nilikuambia nimekuharibia safari yako, na wewe ukanikumbatia ukasema, "Usijali, Mama Nyaboke. Mimi nimeshakusamehe." Nikakuletea mkungu wa ndizi. Msimu uliofuata nikakuletea mwingine, na mahindi mabichi, na kuku, kwa kuwa moyo ulikuwa bado unanisuta. Ulipokea. Ulikula. Kwenye kikundi cha akina mama ulikuwa ukinitania, "Huyu ni mwoga wa bwana, aliniacha stendi na sanduku yangu." Wote wakacheka, nami nikacheka, nikiona nimestahili.

Lawama yote niliiweka kwa mama mkwe. Alikuwa ameniona nikianika sanduku juani, na nani mwingine angesema? Kwetu mtu hamjibu vibaya mama wa bwana yake, kwa hiyo sikumjibu vibaya. Nilimpa chakula chake, nikamsalimu, na zaidi ya hapo nikanyamaza. Miaka, Akinyi. Alikuwa akiniita niketi naye juani, nami nasema nina kazi. Uliona yote hayo. Ukaniambia, "Wazee ndivyo walivyo."

Sasa basi, Baba Odhiambo. Alimaliza maziwa yake, akafuta ndevu, akasema, "Mama Nyaboke, mimi nashukuru sana. Ile maneno ya safari, nyinyi mlisameheana mkakaa kama dada. Mtu mwingine hangeweza."

Nikachukua kikombe chake. Akaendelea, mtu mwema yule, bila kujua anachonifanya. "Akinyi mwenyewe alinituma kwa mzee wako. Akaniambia, mimi siwezi safiri na mwanamke amedanganya bwana yake, enda umwambie. Nikaenda. Nikaomba mzee asitaje mtu. Baadaye sana ndio Akinyi akaniambia ukweli. Alikuwa anaogopa wewe ufike huko. Yeye hakuwa karani. Alikuwa anafua mashuka, nyuma ya jikoni. Na bibi ya yule Mjerumani alikuwa bado huko. Walikuwa wanamwita Meri, kwa sababu Akinyi iliwashinda. Alisema yule mama akitoka tu aseme 'Meri, mashuka', mbele yako, atakufa."

Kisha akanitazama. "Lakini alikuambia haya yote, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo. Tuliyamaliza."

Akaenda zake ametulia. Nami nikaenda zizini.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa natafuta kwenye nguo za watu wengine. Mashuka, Akinyi? Mashuka tu? Unajua nilichuma maua ya pareto katika shamba hili hili nikiwa binti, kwa mzungu aliyekuwa akituita kwa filimbi. Nilikupeleka mimi mwenyewe nikakuonyesha mahali tulipokuwa tukipanga foleni. Hukunicheka. Ulinishika mkono. Hapo hapo ungesema, "Na mimi nilifua." Tungelia, halafu tungecheka, halafu tungekwenda mahali pengine, hata Tabaka kutazama watu wakichonga mawe. Au tungebaki hapa tukanywa chai yetu dirisha limefungwa.

Siililii safari. Milima ipo tu. Kinachoniuma ni kwamba ulikaa mbele yangu miaka yote hiyo, ukanijua kuliko dada zangu walivyonijua, na bado ukanihesabu miongoni mwa watu wa kukudharau. Na ili nisikuone mdogo, ukaona afadhali mimi nifanywe mdogo mbele ya kanisa zima. Halafu ukala ndizi zangu.

Na ulipougua je? Nilikaa na wewe hospitali, nikakuosha miguu, nikakukataza kufa. Ulikuwa na nafasi. Siku moja ulinishika kidole ukasema, "Mama Nyaboke, kuna kitu." Nikainama. Ukaniangalia sana, ukasema unataka maji, nikakimbia kuyaleta. Sasa kila nikichota maji nakumbuka macho yale, na sijui nikuonee huruma au nikutukane.

Nimekwenda kwa mama mkwe. Sikumweleza kitu. Nilichukua kigoda nikaketi naye juani. Akanipapasa mkono, akauliza, "Leo huna kazi?" Nikasema sina. Tulikaa mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia, na aliponiomba nimsogeze upande wenye jua nilimsogeza.

Halafu Achieng akaja. Amesikia kwamba mji ule bado upo. Mjerumani na mkewe walirudi kwao, wakawauzia wenyeji, na wageni bado wanapokelewa. Anataka kunipeleka shule zikifungwa, kwa mshahara wake. "Mama alikuwa anaitaja hiyo safari yenu kila wakati," alisema. "Si twende? Tuone penye alikuwa anakaa akiandika wageni."

Kumbe hata mtoto wako ulimpa hadithi ya karani.

Maneno yalinifika mdomoni, Akinyi, yote. Ya pasi, ya kanisa, ya ndizi. Nilitaka ajue. Nilitaka mtu mmoja tu duniani akasirike pamoja nami. Yeye alikuwa amesimama pale ameshika mfuniko wa sufuria, mvuke unampiga usoni, anangoja nimwambie habari za mama yake, na hana mwingine wa kumwuliza. Nikafunga mdomo. Nikamwambia, "Tutakwenda." Akaruka kama mtoto mdogo, mwalimu mzima.

Safari hii Baba Nyaboke nimemwambia kweli. Akauliza tutarudi lini, na kama huko kuna baridi, akaenda kuniletea koti lake. Mambo ya kale hakuyataja, wala sikumwambia kwamba sasa najua ni nani aliyekuja kumwona.

Kwa hiyo nakuaga, rafiki yangu, na ahadi yangu ni hii. Tukifika, nitamwomba Achieng tuzunguke mpaka nyuma ya jikoni, na pale nitamwambia kwamba mama yake alifua mashuka ya Wazungu, tena kwenye baridi ile, na kwamba jina lake halikuwa Meri. Hilo lazima alijue. Kufua si aibu, na sitaki arithi woga wako. Lakini lile lililo langu na lako halitatoka kwangu. Usidhani nimekusamehe. Siku tutakayoonana utaniambia mwenyewe, kwa mdomo wako, nami nitakusikiliza mpaka mwisho. Baada ya hapo ndipo tutajua kama bado sisi ni marafiki.

Lala, Akinyi. Ulinichongea kwa mume wangu. Mimi sitakuchongea kwa mwanao.

Mama Nyaboke