Siku Waliponipigia Madebe

Bi. Leonore Petschel
(jina jipya, mwandiko uleule mbaya),
Ebenfeld,
Bonde la Barossa,
Australia Kusini.

22 Mei 1967

Mpendwa wifi yangu Adelheid,

Hujambo huko milimani Nyugini? Naanza na homa yako, maana katika barua yako ya Pasaka ulisema imekulaza tena, na muuguzi anayelala kitandani zaidi ya wagonjwa wake hatufai. Kunywa dawa zako, usijifanye shujaa. Sisi huku wazima. Mama yako goti linamsumbua asubuhi, lakini ulimi wake haujawahi kuugua. Zabibu zimekwisha kuvunwa, majani ya mizabibu yamekuwa mekundu, na kuanzia barabarani mpaka kijitoni kunanuka makapi yaliyokamuliwa. Najua unaikumbuka harufu hiyo.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imelegea. Wewe ni dada wa marehemu Traugott, ungeninunia nisingekulaumu. Badala yake ukaniandikia kwamba kaka yako asingependa nizeeke nikipiga soga na bata bukini. Nililia, kisha nikacheka, kisha nikaenda kumsomea Alwin. Ahsante sana, wifi. Hujui ulinitua mzigo gani.

Basi jina hapo juu umeliona. Mimi na Alwin tulifunga ndoa Jumamosi ya tarehe kumi na tatu. Nitakusimulia arusi, lakini ninachotaka hasa ujue ni yaliyotokea siku moja kabla yake. Na siwezi kuyaeleza hayo bila kumtaja kwanza Mama, huyo mama yako na mkwe wangu.

Wewe ulinipa baraka zako kwa maandishi. Mama hakunipa neno. Nilimweleza mwezi wa Februari, tulipokuwa tunaosha matango ya kuchachusha uani kwake. Nilimwambia kwamba Alwin Petschel, fundi mapipa, ameniomba tuoane, na kwamba nimekubali, na kwamba atahamia kwangu. Mama akaendelea kusugua tango lake. Kisha akauliza kama chumvi niliyonunua ni ile ya punje kubwa. Nikasema ndiyo. Basi, mazungumzo yakaishia kwenye chumvi.

Mavuno yote tulivuna pamoja, yeye mstari wa kushoto, mimi wa kulia, kama tunavyofanya kila mwaka. Alizungumza juu ya kila kitu chini ya jua: mvua, goti, bei ya sukari, kofia ya mke wa mchungaji. Jina la Alwin halikutoka kinywani mwake. Na mimi nilimwelewa, wifi. Ile nyumba aliijenga baba yako. Traugott alizaliwa humo na akafia humo. Sasa mwanamume mwingine atundike koti lake kwenye msumari uleule, na ashike mkasi wa kupogolea ambao mpini wake umechakaa kwa kiganja cha mwanawe. Hata mimi moyo ulikuwa unanikataza siku nyingine.

Halafu Alwin ni mtu wa kanisa la juu kilimani, na sisi ni wa lile la chini. Huko mbali umesikia kwamba makanisa yetu mawili yameungana tangu mwaka jana. Ni kweli, saini zimetiwa, na tunakunywa kikombe kimoja. Lakini Jumapili watu wa juu wanakaa kulia na watu wa chini wanakaa kushoto, na katikati ungeweza kupitisha trekta. Walikwisha kusahau babu zao waligombania nini, ila kununa hawajasahau.

Kwa hiyo nilikuwa na shaka moja kubwa: je, watatupigia madebe? Wewe hukupigiwa, maana uliolewa na hospitali, lakini unakumbuka walivyotufanyia mimi na Traugott. Kijiji kizima nje ya dirisha, visahani vya chuma vya plau ya kulimia, makopo, kengele za ng'ombe, kelele za kutoboa masikio, na hawanyamazi mpaka bibi na bwana watoke na kuwakaribisha chakula. Huku kwetu ukifunga ndoa bila madebe, hata ukifungishwa na askofu, watu wanakuangalia kama mgeni aliyepotea njia. Nilimwuliza jirani yetu Erna kwa mbali, kama vile sijali. Erna akanijibu kwamba madebe ni ya vijana, wajane hawapigiwi. Akasema hivyo huku anatazama viatu vyake.

Nikamwambia hata mimi ningeona aibu kupigiwa madebe kwa umri huu. Kisha nikaenda nyumbani nikaoka keki ya chenga, trei sita, zile kubwa za tanuri la nje, chenga za siagi na sukari juu yake zimejaa mpaka kingoni. Nikazificha chini ghalani, nyuma ya mapipa, ili mtu yeyote asije akajua kwamba nazisubiri kelele.

Upande wetu wa chini madebe hupigwa Alhamisi kabla ya arusi. Alhamisi hiyo Alwin alikuja amevaa shati la kanisani, na mimi nilikuwa nimevaa aproni mpya juu ya gauni jipya, na kila mmoja akajifanya hajamwona mwenzake alivyovaa. Tukakaa jikoni. Mbwa wa Erna alibweka, nikasimama. Akanyamaza, nikakaa. Alwin, unavyojua hasemi, alikuwa anavuma wimbo mmoja chini kwa chini mpaka nikamwomba aache. Hakuja mtu. Taa ya Mama ng'ambo ya uzio ilizimika mapema. Alwin akasema tule keki kidogo. Nikakataa, nikamwambia aende kwake akalale.

Ijumaa asubuhi niliamka na hasira. Nilimfikiria Erna akija kusaidia maandalizi, ashuke ghalani kuchukua mvinyo, azione zile trei, halafu kijiji kizima kijue kwamba mjane wa Traugott alioka keki akakaa kungoja. Nikazipandisha juu moja moja, nikawamwagia bata bukini. Zote sita. Bata walikula mpaka wakashindwa kutembea. Mmoja alikaa chini akala akiwa amekaa.

Sasa sikia. Ijumaa hiyohiyo, jua linapozama, niko jikoni nimevaa nguo za kazi, nywele sijachana, Alwin yuko mlangoni anatengeneza bawaba. Ghafla nyumba ikatikisika. Nilidhani tanki la maji limeanguka. Nikachungulia dirishani, nikaona watu wamejaa uani: watu wa chini, watu wa juu, wamechanganyika, na Berthold wa bendi ya tarumbeta yuko mbele anagonga kisahani cha plau kwa nyundo. Erna alikuwa na mifuniko miwili na uso mwekundu kama tufaha. Aliponiona dirishani akaigonga kwa nguvu zaidi, mwongo mkubwa yule.

Baadaye ndipo nilipoelezwa. Watu wa juu wao hupiga madebe Ijumaa. Wiki nzima pande mbili zilikuwa zinabishana pale ukumbini, wetu wanasema bibi harusi ndiye mwenye siku, wao wanasema bwana, na ilikuwa karibu tupigiwe mara mbili au tusipigiwe kabisa. Katika kubishana kote huko hakuna aliyekumbuka kwamba mimi nimekaa nasubiri.

Alwin alicheka, wifi. Sijawahi kumwona akicheka namna ile. Lakini mimi kicheko hakikunijia. Nilimshika mkono nikamwambia sina kitu cha kuwapa, sina hata kipande cha mkate kinachofaa. Unajua aibu yake. Watu wakupigie madebe halafu uwatokee mikono mitupu. Akaniuliza keki ziko wapi. Nikamwonyesha bata.

Tukatoka tu, tungefanyaje. Kelele zikakatika, watu wakapiga makofi, kisha wakatulia, wakangoja nikaribishe. Nikafuta mikono yangu kwenye gauni la kazi, ingawa ilikuwa mikavu. Hapo nikaona watu wanasogea kando penye kile kilango cha uziani, na mtu anakuja na toroli. Alikuwa mjukuu wa Erna anasukuma, na pembeni yake Mama anatembea na fimbo yake, amevaa gauni lake jeusi la kanisani. Ndani ya toroli kulikuwa na ile sufuria ya shaba.

Unaijua. Ile waliyokuja nayo melini wazee wenu kutoka Silesia kule Ulaya, ile ambayo tangu niolewe sijaruhusiwa kuikoroga kwa kijiko cha chuma, ila mwiko wa mti tu, na kuiosha lazima aioshe mwenyewe. Nikaogopa. Katika watu wote pale yeye peke yake hakuwa na kitu cha kugonga. Nilidhani amekuja kunirudishia kitu au kuniaga.

Akafika mbele yangu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nilikuona asubuhi ukiwamwagia bata keki. Nikachinja kuku."

Akafunua. Sufuria ilijaa supu ya kuku na tambi, ile ya arusi, mpaka juu. Mwanamke wa miaka themanini na sita, na goti lile, amesimama siku nzima akikata tambi kwa mkono kwa sababu ya hasira zangu.

Nikamwambia, "Mama, nilidhani hutaki. Hukuniambia kitu."

Akasema, "Ningekwambia nini, Lore? Ningefungua mdomo ningemlilia Traugott, na wewe ulivyo, ungeahirisha arusi. Wape watu chakula, kinapoa."

Bakuli hazikutosha. Basi watu wakanyweshwa supu kwa vitu vyao walivyokuja navyo, makopo yaleyale, madebe yaleyale, Erna mfuniko mmoja akaugeuza ukawa sahani. Uani kote kukawa kimya, hakuna awezaye kupiga debe lenye supu. Berthold, mwenye kisahani cha plau chenye tundu katikati, ndiye aliyepata taabu. Watu wa juu na watu wa chini walikaa popote, juu ya masanduku ya zabibu, hakuna kulia wala kushoto. Berthold ndiye aliyenidokeza, tambi bado iko kwenye ndevu, kwamba ubishi wa siku ulimalizwa na Mama. Alikwenda ukumbini na fimbo yake, akawaambia bibi harusi ni binti yake, na binti yake atapigiwa Ijumaa na watu wote, na anayetaka kununa akanunie nyumbani kwake.

Nikaweka supu yangu chini. Nikamtafuta Mama nimshukuru. Nikamkuta kwenye toroli, supu imekwisha, anaichungulia sufuria. Nilidhani ananitafutia supu iliyobaki chini. Akaipindua, akaiweka kifudifudi pale pale kwenye toroli. Akamnyang'anya mjukuu wa Erna upawa wa chuma. Akamtazama Alwin, kisha akanitazama mimi, akaipiga. Akaipiga tena na tena, kwa mikono miwili, fimbo imeanguka chini, machozi yanamtoka hayafuti, na watu wote wakamaliza supu zao haraka wakamfuata. Sauti ya shaba ile sijawahi kusikia mfano wake. Alwin alivua kofia.

Jumamosi kengele zote mbili zililia, ya juu na ya chini, hazikupatana hata kidogo. Mama alikaa benchi la mama wa bibi harusi. Ndiyo arusi yenyewe, nimekwisha kuisimulia.

Tangu hapo Alwin anampogolea Mama mizabibu ya karibu na uzio. Mkasi wa Traugott hakuuchukua mwenyewe. Mama ndiye aliyemkabidhi. Kila asubuhi anamkosoa, nasikia kutoka jikoni, na yeye anavuma wimbo wake.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, na wewe nakushukuru kwa barua yako, na hata bata nawashukuru, ingawa wamenenepa hawataki tena mahindi. Nisalimie masista wenzako na yule mpishi wenu anayeungua vidole. Erna anakusalimu, Berthold anakusalimu, na Alwin anasema salamu, neno moja tu, lakini ametoka nje kwenda kulifikiria akarudi nalo. Mwenyezi Mungu akuepushe na homa na akurudishe kwetu ungali una nguvu za kula.

Sufuria imebonyea upande mmoja. Nilimwambia Mama kuna fundi mjini anayeweza kuinyoosha ikawa kama zamani. Akasema niiache hivyohivyo, na kwamba kuanzia sasa naweza kuikoroga kwa kijiko chochote nipendacho.

Wako akupendaye, wifi yako hata sasa,

Lore