Sauti ya Mto

Ruangwa,
1 Oktoba 1998.

Kaka yangu Shaibu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu, na wanafunzi wako huko Kigoma wasiwe wamekumaliza sauti. Ile homa ilikuacha? Mama ameniagiza nikuulize kabla ya jambo jingine lolote. Sisi huku tunavuta pumzi, nyumba imesimama, na mikorosho ya Nkowe imeanza kuangusha.

Utakumbuka Arusi ya Mbwemkuru, lile igizo la kuimbwa mwanzo hadi mwisho alilolitunga marehemu Mwalimu Saturnini kule Nachingwea tulipokuwa wadogo. Bi arusi amekwama ng'ambo ya mto uliofurika, na nyuma yake wamekaa wapuliza filimbi, kila mmoja na mwanzi wake wenye sauti moja tu, hata wimbo hauwezi kukamilika mpaka wawepo wote. Mjomba Shehe alikuwa na ule mwanzi mnene kuliko yote. Yeye ndiye aliyekuwa mto. Bi arusi akimwita mchumba wake, anayejibu ni mwanzi wa Mjomba.

Sasa igizo linafufuliwa kwa ajili ya sherehe za wilaya yetu hapa Ruangwa. Mkuu wangu wa kazi, Bwana Enock, ni mtu wa Mbeya, lakini aliliona akiwa kijana kwenye kambi ya jeshi kule Nachingwea, na anasema alilia mbele ya wenzake, nao wakamwita bi arusi mpaka walipoachana. Ndiye mwenyekiti wa kamati. Mimi ni karani wake, sijathibitishwa kazini, na mshahara wangu ndio unaomlisha Mama. Unanijua, kaka. Akikohoa tu, nasimama.

Wazee wa Nkowe walikuja mazoezini kwa baiskeli, wakiongozwa na Mzee Augustino. Mjomba hakuja, kifua kilikuwa kimembana. Bi arusi alipoita, pakawa kimya, kisha wazee wakaendelea kana kwamba wamejibiwa. Bwana Enock akasimamisha wimbo, akauliza ni nani aliyesinzia. Mzee Augustino akamjibu kwamba hakusinzia mtu. Mwanzi ule una mwenyewe, mwenyewe yuko kitandani, na nafasi yake huachwa wazi ili watu wajue amekosekana.

Bwana Enock alisema wageni hawatoki mbali kuja kusikiliza pengo. Akamwita kijana mmoja wa bendi kutoka Masasi, jina lake Dismas, aje alijaze kwa kinanda cha umeme. Mzee Augustino alikizunguka kile kinanda, akauliza ni cha ukoo gani, na mjomba wake ni nani. Watu wakacheka, Dismas mwenyewe akacheka. Bwana Enock hakucheka. Akanigeukia, akasema mimi ndiye msomi wao, nitoe neno. Nikasema pande zote mbili zina hoja. Mzee Augustino akamtaja Mama kwa jina, akasema mtoto wa Mwamini siku hizi anaongea kama taarifa ya habari.

Nilitumwa kwa Mjomba kuomba ruhusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mto hauazimwi. Niliporudi na jibu hilo, Bwana Enock aliagiza kinanda kifunikwe kwa kitambaa, tumngojee mgonjwa apone. Nakuambia haya usije ukamdhania kuwa ni mtu mbaya.

Kaka, nimezunguka sana. Kaa chini kwanza. Mjomba Shehe ametutoka. Tulimzika Nkowe Ijumaa iliyopita. Mama alinikataza kukupigia simu ya maandishi, alisema usije ukasafiri safari yote hiyo na maneno matatu tu kifuani.

Mazishini mtani wetu mmoja alikata bua la jani la mpapai, akasimama mdomoni mwa kaburi, akapuliza sauti ya Mjomba huku amevimbisha mashavu kama yeye. Akadai haki yake ya utani, la sivyo maiti haishuki. Watu walicheka na machozi yanawatoka. Alipopewa chake, akalitupa bua kaburini. Ndipo Mama, kama dada wa marehemu, akatamka kwamba jina na mwanzi ni vyako, wewe mpwa mkubwa, na mwanzi hautapulizwa mpaka ukabidhiwe wewe siku ya arobaini. Sherehe inatangulia arobaini.

Bwana Enock alikuwepo, alishika koleo kama wenzake. Tuliporudi ofisini aliniuliza kwa upole kwa nini bua la mpapai liruhusiwe na kinanda kikatazwe. Nimesoma mpaka kidato cha sita, kaka. Najua si kitu kimoja, moyo wangu unajua, lakini sikupata la kusema. Kimya changu akakihesabu kuwa ndiyo.

Kilichobaki ni kibaya zaidi. Dismas ana vidole, lakini hajui ni wakati gani mto unajibu, kwa sababu Mjomba hakufuata mdundo. Alingoja mpaka pumzi ya bi arusi iishe. Hilo analijua aliyelelewa nyumbani kwake. Basi nimewekewa kigoda kando ya kinanda, nimguse Dismas begani wakati ukifika.

Jana kwenye mazoezi ya mwisho nilimgusa. Sauti ilitoka nene, safi, haikutetemeka hata kidogo. Bwana Enock alilia tena. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema barua yangu ya kuthibitishwa ataiandika mwenyewe. Mzee Augustino alikuwa ameinama, anaviringisha mwanzi wake kwenye kitambaa.

Igizo ni Jumamosi. Barua hii itakufika limekwisha pita, kwa hiyo sikuombi ruhusa. Nimeandika ili usije ukaambiwa na mtu mwingine kwamba aliyemgusa yule kijana bega ni mimi.

Mama anakupa pole na anakusalimu sana. Amesema hatakuja uwanjani, atafunga mlango. Sijamwambia kwamba spika zimeelekezwa upande wa nyumba yetu.

Wasalimie walimu wenzako, na ukipata ruhusa, njoo.

Ni mimi mdogo wako,
Sadiki.