Nilihama Bila Kukuaga

Kamwene! Nakusalimu, mjukuu wangu, mume wangu Baraka,

Wewe mtoto una roho ngumu! Tangu tupande mahindi mpaka sasa tunavuna, hata ndotoni hujaja. Zamani ulikuja kila mara, unakaa karibu na moto, husemi kitu, unakula tu viazi vyangu. Sasa kimya. Nimekukasirikia, nikalia, nikakukasirikia tena.

Anayeandika ni dada yako Zawadi. Mimi kalamu sijawahi kuishika, unajua. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie maneno.

Tulipokuzika, kompyuta yako tuliifuata Mbeya, kule chumbani kwako. Majuzi Zawadi akataka kuumalizia ule mfumo mpya ulioanza kuuweka kabla homa haijakulaza. Ikagoma. Kila akiiwasha, inasema haioni mafaili. Nikaizaba kofi. Nikasema nayo imekufa, imemfuata mwenyewe. Zawadi hakucheka. Siku tatu yuko nayo, ugali unapoa. Halafu akaniita: "Bibi, mafaili yapo yote! Kaka aliyahamishia kwenye folda nyingine, yenyewe bado inayatafuta kule kwa zamani." Akaiandikia mahali papya. Ikaamka.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia: "Bibi, mashine haina kiburi. Inakwenda ulikoielekeza."

Hapo nikaelewa. Baraka, na mimi nimehama. Kabla ya mvua za kwanza mama yako alikuja na lori la mbao, akasema miguu hii haiwezi tena kupanda kilima na ndoo. Nikapakiwa, mimi na kuku wangu, tukaletwa huku Ipogolo. Marehemu mama alinifundisha: ukihama, pita kwanza makaburini, mwaga pombe ya ulanzi kidogo, waambie waliolala unakokwenda. Sikupita. Dereva alikuwa anapiga honi, nikaona aibu kumchelewesha. Aibu ya dereva! Wewe nikakuacha.

Kumbe unakuja, unabisha kwenye nyumba yenye kufuli. Wewe ambaye hata giza ulikuwa unaliogopa. Nisamehe, mume wangu. Nimekusema bure.

Jumamosi Zawadi anakwenda Mafinga, kule kwetu kwa zamani. Atapalilia kaburi lako, atamwaga ulanzi, atakusomea haya yote kwa sauti. Mimi safari hiyo siiwezi. Lakini nakuahidi: wakinihamisha tena, hata lori liwe limeshaanza kutembea, nitashuka nije kukuaga. Na siku wakinileta hapo ulipo, sogea. Ubavuni pako ni pangu.

Lala, mume wangu. Nimeshaacha kukasirika.

Sasa sikiliza vizuri. Ukija, usiende tena kule kwa zamani. Teremka mpaka Ipogolo, uvuke barabara kubwa, na uangalie malori. Nyumba yetu ina bati jipya na mgomba mmoja. Mlango wa mbele mama yako anaufunga mapema. Zunguka nyuma, jikoni. Komeo sijatia. Viazi vyako viko chini ya jivu.